Honi Yako Bado Inapigwa Mlangoni Pangu

Mcha,

Nina miaka sabini na tisa kwa hesabu ya mama yangu, na themanini na moja kwa hesabu ya wanaonihusudu. Nshazika wake wawili, kaka zangu wote, fundi aliyenifunza kazi na mtoto wa fundi huyo. Meno ya juu yashaniaga. Mikarafuu aliyopanda baba imekauka mbele ya macho yangu, nami nimesimama. Baiskeli, redio ya mwanzo, majirani, madaktari walionambia niache chumvi, wote nimewavuka. Na wewe nimekuvuka, ingawa hilo skulitaka.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mwanangu Suleiman alitaka nitamke yeye aandike kwenye simu, nikamuuliza simu itakufikaje huko ulipo, akanitafutia kalamu. Unaijua shule yangu: chuo cha Kurani, na lile darasa la watu wazima la jioni ambalo wewe ulikuwa ukisinzia nyuma na mimi nikijibu mbele. Herufi zangu zina kilema lakini zinatembea. Mwalimu alisema mbele ya watu kuwa mwandiko wa Pandu ni wa mtu asiyerudi nyuma. Hilo ulilisikia, siku ile ulikuwa macho.

Nakuletea habari ya gari yako ya abiria, na ya binti yako Riziki, na ya namna nlivyochagua chombo cha kunipeleka mjini. Hapa Bububu kila mtu anaisimulia kwa mdomo wake, na sitaki uipate kwa asiyeijua.

Tangu uondoke, kila nyumba imeota gari uani. Asubuhi zinatoka moja moja kwenda mjini, kila moja na mtu mmoja ndani yake, kama konokono na kijumba chake. Hawasalimiani. Wakikutana njia panda wanapigiana honi za hasira. Na Suleiman naye kaleta yake, nyeupe, ya mtumba, ina ubaridi ndani na sauti ya mwanamke inayokukumbusha kufunga mkanda. Ofisi yake si unaijua, pale Mlandege. Akanambia, "Baba, basi tena habari ya kupanda gari za abiria. Umri umekwenda. Nakupitisha mimi mpaka mjini, umekaa kama bwana."

Nikakubali. Watu niliwaambia ni magoti. Wewe nakwambia kama ilivyo: skuweza kutazama mikono ya mtu mwengine juu ya usukani wako. Ule usukani nliushonea ngozi mimi, ngozi ile ile ninayoshonea viatu vya makubadhi, na jasho lako ndilo lililoitia weusi. Nlipoambiwa sasa anaushika Riziki, nikasema vizuri, mtoto kashika kazi ya baba yake. Nikaingia kwenye gari nyeupe nikafunga mlango.

Na kazi hiyo hakuichagua, ilimwangukia. Mkeo alikuwa edani, hatoki. Mtoto huna mwengine. Gari ingekaa uani ikaota majani. Riziki leseni alikuwa nayo, wewe mwenyewe ulimfunza kule kwenye mchanga wa Chuini, mimi nikiwa nimekaa katikati yenu nikikukosoa. Kwa hiyo mimi pia nlimfunza. Hilo usilisahau.

Sasa kumbuka ile desturi yako, ambayo dereva mwengine wa njia hii hakuwa nayo. Mzee yeyote uliyekuwa ukimchukua ulimsimamia kwenye uchochoro wake, ukapiga honi, ukangoja aitike. Hukuondoka mpaka umesikia sauti. Kwangu ilikuwa mbili fupi na moja ndefu, kisha kichwa nje ya dirisha:

"Pandu! Ushakufa?"

Nami kutoka ndani, mdomo umejaa mkate wa mofa:

"Naam! Bado! Tangulia wewe nikuone!"

Gari zima likicheka. Miaka na miaka, maneno yale yale, na watu wakicheka kama wameyasikia leo. Halafu ukatangulia. Mcha, ule ulikuwa mzaha. Mtu hatangulii kwa mzaha. Nlipoletewa habari nlikuwa nakata soli, nikaendelea kukata mpaka ngozi ikaisha, maana nliona nikiweka kisu chini itakuwa kweli.

Nirudi kwenye gari ya Suleiman. Haikuwa mbaya, siisingizii. Hakuna vumbi, hakuna kusubiri, unakaa kitako kizima. Lakini Suleiman njia nzima anazungumza na watu wasioonekana, masikio kayaziba kwa vidude. Nikisema neno ananambia, "Naam baba, subiri kidogo." Nikifika mjini siijui habari hata moja. Nani kafiwa, nani anaoza binti, samaki gani wameshuka, skuwa najua. Mimi, Pandu, watu wakinipa habari nlizokuwa nikiwapa wao. Na kazi ikaanza kulegea, kwa sababu wateja wangu wote nliwapata kwenye kiti chako cha mbele. Gari ikisimama kituoni naiona miguu kwanza. Huyu kisigino kimekwisha upande, yule kamba imekatika kaifunga kwa waya. Namwita hapo hapo, "We bwana, miguu yako inanililia, niletee kesho." Ndani ya gari nyeupe vioo vyeusi, miguu naiona wapi?

Halafu ikatokea ya Kiponda. Hii utaipenda.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na Suleiman akataka kuniteremsha Darajani nitembee mpaka kibandani kwangu Kiponda. Nikamwambia hapana. Kama hichi ni chombo cha heshima kama unavyosema, kinifikishe mlangoni. Akasema, "Baba, uchochoro ule gari haipiti." Nikamwambia babu yangu alipita pale na punda aliyebeba makumbi ya nazi pande mbili, na punda yule alikuwa na makalio mapana kuliko hichi kigari chako. Akabisha. Nikakunja mikono nikatazama mbele. Akaingia.

Tulipita vizuri tu mwanzo. Wazee waliokaa barazani wakainua miguu, tukapita, wakashusha. Tukafika pale nyumba mbili zinapotazamana, kila moja na baraza yake ya mawe imejitokeza njiani. Punda mzigo wake huwa juu ya baraza, ndiyo maana alipita. Hilo skulikumbuka. Gari ikaingia katikati ya zile baraza mbili ikatulia kama kisu kwenye ala. Mbele haiendi, nyuma hairudi, milango haifunguki, na ile sauti ya mwanamke inatukumbusha mikanda.

Watu wakatoka kila nyumba. Mmoja akasema, "Mzee Pandu kaja na harusi?" Mwengine akauliza kama tunauza tiketi. Bibi mmoja wa ghorofani akateremsha kile kikapu chake cha kamba anachonunulia mboga, mara hii mna birika na kikombe. Akasema kutoka juu, "Mgeni kafika mpaka mlangoni, hatumwachi kavu." Nikashusha kioo nikanywa kahawa yangu, na kipande cha kashata. Suleiman alikuwa ameweka kichwa juu ya usukani. Mwisho wakaja mahamali, wale wabeba mizigo wa Darajani, wakamwaga maji ya sabuni kwenye mawe pande zote mbili, wakaisukuma kinyumenyume mpaka ikatoka, ubavu huu na ubavu huu umechunika kama papa.

Lakini nakwambia hivi: taja mtu mwengine aliyeingiza gari mpaka pale. Hayupo. Wanapaita kwa jina langu sasa.

Suleiman akanambia, kwa upole kabisa, "Baba, kesho utashuka Darajani utembee kama watu." Na mimi maneno yale yakanikaa. Kama ni kushuka Darajani na kutembea, mbona huko ndiko gari yako ilikokuwa ikiniteremsha siku zote, tena nimeshiba habari?

Nikamkumbuka babu. Wewe hadithi hii ulikuwa ukiimaliza kabla yangu, leo huwezi, niache niseme. Watu wa bara wamepata treni zao juzi, wanatupa habari kama sisi wa porini. Unguja hii hii ilikuwa na treni, ikitoka mjini ikija Bububu yetu hapa, na babu yangu mzaa baba ameiona kwa macho yake ikitoa moshi. Alikuwa na punda, na treni inapita karibu na shamba lake. Watu wakamwambia, "Panda treni, ushakuwa mtu mzima, punda wa nini?" Akapanda mara moja tu. Siku ya pili alikuwa njiani anamwitikia mtu salamu, treni ikamwacha. Akarudi kwa punda mpaka alipokufa. Alikuwa akisema treni ina mbio lakini haingoji salamu iishe. Treni ikafa, reli ikang'olewa, na punda wa babu akaacha vizazi.

Basi jioni ya siku ile ile ya Kiponda, baada ya alasiri, akanijia Bi Kazija. Yule wa mikate ya kumimina, aliyekuwa akikaa nyuma yako akikuelekeza njia. Hakutaka chai. Hakukaa. Alisimama mlangoni na ukaya wake kichwani akanambia:

"We Mzee Pandu, ama utoke ama ufe, tujue moja."

Nikamuuliza nimemkosea nini. Akanambia mambo ambayo mimi nlikuwa nayasikia kila asubuhi na skuyajua.

Kwani honi ilikuwa ikipigwa. Tangu siku ya kwanza Riziki aliyotoka na gari. Mbili fupi moja ndefu, hapa mlangoni. Nlikuwa naisikia, Mcha. Nlidhani anaita abiria. Nlikuwa nafungua redio mpaka mwisho nisiisikie, kwa sababu ilikuwa sauti yako na wewe hukuwamo. Na yule mtoto nje akingoja. Anapiga, anangoja niitike. Haondoki mpaka watu wamechoka wakaanza kushuka. Abiria wanatazama saa zao, wanafunzi wanachelewa, makarani wanachelewa, wanamuuliza, "Dada, unamngoja nani?" Anasema, "Namngoja Ami Pandu." Wanamwambia mzee huyo siku hizi anakwenda na mwanawe kwa gari. Anawajibu, "Baba alinambia honi ya Ami Pandu haipitwi mpaka aitike. Hakunambia kama ana gari."

Bi Kazija akasema, "Watu walipomwona mwanamke kwenye usukani walinuna siku mbili tatu, wakazoea. Kilichowakimbiza ni mlango wako. Wameingia gari nyengine. Asubuhi hii tulikuwa mimi, kikapu changu, na kuku wa mtu."

Na kuna mtu kutoka shamba keshakuja kuitazama gari ainunue. Mkeo, kwa kuwa alikuwa edani, hakutokeza. Alimjibu kwa nyuma ya mlango kwamba akitoka eda watazungumza. Na eda imebaki kidogo.

Alipokwisha akaondoka, hakuaga. Nlibaki pale mlangoni. Sasa mtu mwengine angeona haya. Mimi nlikaa nikafikiri: nani Unguja hii, waziri au tajiri, ambaye gari ya abiria inasimama mlangoni kwake kila asubuhi, inapoteza watu, inapoteza riziki, haitaki kuondoka mpaka isikike sauti yake? Babu hakungojwa na treni. Mimi nimengojwa. Na aliyeningoja ni mtoto wako. Ukanililia moyo, Mcha, kwa furaha na kwa jengine.

Usiku ule nlimwambia Suleiman kesho asinipitishe. Akasema, "Baba, kwa sababu ya Kiponda? Yashapita." Nikamwambia Kiponda ni fahari yangu, hii ni kazi nyengine.

Asubuhi nikavaa kanzu ya Ijumaa na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nikavaa kofia uliyonipa. Nikakaa ndani nyuma ya mlango, kama zamani, mkate mkononi. Nikaisikia inakuja, lile sanduku la gia lako linalolia kama mbuzi. Ikasimama. Mbili fupi. Moja ndefu.

Nikafungua mdomo niitike.

Haikutoka. Mimi, ambaye sauti yangu ilikuwa ikisikika mpaka pwani. Nlijaribu tena. Mkate nimeushika vile vile, na nnajua wewe hutatoa kichwa dirishani. Riziki yuko nje. Anangoja. Nikasikia mwanamume mmoja humo garini anasema, "Twende zetu, dada, huyo keshaondoka." Injini ikawa inatetemeka, haiendi.

Halafu dirisha likashushwa. Na yule mtoto, ambaye tangu kuzaliwa hajanitamkia neno bila shikamoo, ambaye akinipa kitu hunipa kwa mikono miwili, akatoa kichwa nje akapiga ukelele uchochoro mzima ukasikia:

"Ami Pandu! Ushakufa?"

Garini watu wakaguna. Mtoto wa kike kumwambia mzee maneno yale. Nami sauti ikatoka:

"Naam! Bado!"

Ile ya kutangulia skuisema. Ile ni yako na mimi.

Nikatoka. Riziki ameshashuka, machozi mpaka kidevuni, anasema, "Shikamoo ami. Nisamehe ami, skujua niseme nini." Nikamwambia, "Marahaba. Umechelewa kuliuliza, ungeuliza mapema nisingekaa ndani." Bi Kazija kutoka nyuma akasema, "Hajafa, mmemwona wote. Twendeni, mikate inapoa."

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Hakuruhusu mtu akikalie, kile kimto changu cha sufi kiko pale pale. Nikakaa. Nikatazama mikono yake juu ya ngozi yangu. Anaushika usukani kama wewe, kidole gumba ndani, kosa lile lile nlilokukanya. Nikamwambia, "Toa kidole." Akatoa. Wewe hukuwahi kukitoa.

Sasa sikiliza kazi nliyoifanya. Kila kituo nlishusha kioo. Pale watu wanajifanya wanangoja gari nyengine, mimi natazama chini. Nusu yao wamevaa kazi yangu. "Wewe mwenye makubadhi ya mshono mara mbili, nani kakushonea? Panda. Makubadhi yangu hayapandi gari isiyonijua." "Na wewe karani, kisigino hicho kimekwisha, panda nikupime njiani." Wakapanda kwa haya, wakapanda kwa kucheka, walipanda. Nikawaambia wote kwa sauti kwamba kuanzia leo Pandu ataitika honi ya kwanza, hatachelewa mtu kwa sababu yangu. Na sijachelewesha. Honi haijamaliza ile ndefu, mimi nshaitika.

Gari imejaa tena, Mcha. Wazee wengine wanaomba nao wapigiwe honi kama zamani. Riziki amewapa kila mmoja mlio wake. Mkeo katoka eda salama. Yule mtu wa shamba alikuja kama walivyoahidiana, akakuta gari haipo nyumbani, ipo kazini. Akaambiwa hivyo hivyo, "Ipo kazini," akarudi alikotoka.

Suleiman bado anakwenda na yake, na ubavu umepakwa rangi ambayo si nyeupe ile. Siku ilipokuwa kwa fundi alipanda na sisi. Alikaa nyuma. Nlimwona kwenye kioo anacheka Bi Kazija aliponitukana. Darajani alishuka mbele yangu akaninyooshea mkono anishike. Mkono skumpa. Nlimpa mfuko wa ngozi, akaubeba mpaka Kiponda, na pale kwenye zile baraza mbili watu walipomuuliza gari iko wapi aliwajibu mwenyewe, "Leo tumekuja na ya Ami Mcha." Hakungoja kuulizwa mara mbili. Ni mwanangu.

Basi nakuacha upumzike, kidole gumba na vyote. Ahadi yangu hii hapa: maadamu pumzi imo, honi ile itaitikwa, mvua au jua, na kiti hakitapoa. Na nimeshamwambia Riziki: siku atakayopiga na kuuliza asisikie kitu, asingoje tena. Azime gari, aingie ndani, mlango siufungi komeo. Yeye ndiye atakayejua kwanza, kabla ya Suleiman, kabla ya jirani yeyote. Hivyo ndivyo ulivyotaka tangu mwanzo, ee? Nlikuwa nikidhani unanitania.

Kama kuna neno huliamini, wa Kiponda wote ni mashahidi, pamoja na bibi wa kikapu. Riziki ni shahidi. Na Bi Kazija alikuwepo kila hatua, na ana sukari na presha na hasikii la daktari. Kwa kiburi chake huenda akafika huko kabla yangu. Muulize yeye. Ila mwambie aanzie pale nlipoitika.

Ni mimi Pandu, mshona makubadhi, bado.